Daftari la Gari la Wito

Juni, Iganjo. Saa tatu na ukungu haujanyanyuka.
Mimi ndiye mshika simu ya mtaa:
daftari, kalamu, glavu mkono mmoja,
maana mkono wa kuandika hauvai.

Huku kati ya nyumba na nyumba kuna shamba la viazi.
Ukimwita jirani, sauti hufika imechoka.
Mwaka juzi gari la ratiba lilipita miezi miwili
likibeba viti vyake,
mpaka Gwamaka akaliegesha, akasema:
siwezi kuchoma dizeli kusafirisha baridi.

Tukajaribu hili la kuitwa.
Piga jioni, asubuhi linabisha hodi.

Jumatatu, wito nne. Mmoja mtoto, anachezea namba.
Jumanne saba; wawili walipofuatwa
walishadandia bodaboda.
Jumatano msiba Nsalaga: wakapiga thelathini,
viti kumi na vinne.
Alhamisi mmoja. Bibi Tumpale, kliniki ya sukari, Rufaa.
Kwenda na kurudi,
kwa kichwa kimoja chenye kilemba cha kijani.

Mhasibu Nsajigwa akabofya kikokotoo:
"Kichwa hiki, elfu kumi na nane.
Kimelipa elfu moja."
Hesabu ni sahihi. Nimeirudia mara mbili
nikitafuta kosa.

Sisi wa viazi tunajua,
lumbesa huonekana lumbesa kwa anayeibeba.
Nikauliza, kwa sauti ndogo: tunapima nini?
Gari, au mguu wa Bibi ambao haukukatwa?
Mizani ya Uyole haina jiwe
la kupimia kisichotokea.

Lakini na hili niliandike, maana kosa ni langu.
Mzee Ambindwile hana simu.
Alisimama njia panda, mkono juu,
gari likampita na viti kumi vitupu
kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha.
Sheria hiyo niliitunga mimi,
kwa mwandiko mzuri.

Kesho kikao kinapiga kura.
Usiku huu simu imelia, namba ya Bibi.
"Mwanangu, siendi popote.
Nilitaka tu kujua kama bado inaita."

Nikaandika: wito mmoja, safari hakuna.
Kisha kalamu ikagoma.
Ni baridi tu. Wino wa huku huganda.