Taya

Daktari Ikwap wa Tororo alinionyesha jino langu
kwenye kioo kidogo: limesagika, limekuwa bapa
kama jiwe la kusagia ulezi.
"Usiku unatafuna nini, Mama Nyafwono?"

Nikahesabu. Malori mia mbili kwenye foleni ya Malaba,
mihuri, risiti, dereva anayepiga simu saa nane usiku,
deni aliloliacha marehemu kaka.
Miaka kumi na moja navitafuna,
havilainiki.

Hakunipa dawa. Alisema: kila ukishika mhuri,
tenganisha meno. Basi.
Nikacheka njia nzima.

Siku ya kwanza nilikumbuka mara moja,
jioni, nikifunga ofisi.
Ya pili, sikukumbuka kabisa.
Ya tisa, katikati ya ugomvi wa fomu za mtama,
nikagundua ulimi wangu umelala,
na mabega yameshuka yenyewe
kama kuku wanaotulia kichanjani.

Dereva akauliza, "Mbona kimya? Umekasirika?"
Hapana. Nilikuwa nasikia mvua
ikianzia kule upande wa mwamba,
ikija juu ya mabati, bati moja moja,
bila haraka ya kunifikia.

Bado kuna usiku naamka nimeuma.
Napapasa shavu gizani kama mtu atafutaye swichi:
lipo, lile fundo.
Silifokei tena. Naliambia, malori yamelala.
Linasita.
Linasita.
Halafu linaachia kidogo,
upana wa punje ya ulezi.