Mwanamke wa Jaladani

Baba hakujua Kiingereza.
Alijua rangi: ya mafuta, ya maji, ya mabati,
na jinsi ya kuizimua kwa petroli pesa zikipungua.
Kibandani kwake, Mtaa wa Mchikichi,
aliandika KINYOZI WA KISASA, SUPU IPO, MKOPO KESHO,
na juu ya kabati, ndani ya boksi la sabuni,
aliweka vitabu arobaini na kimoja vya Marekani
ambavyo hakuwahi kusoma hata mstari.

Alivipata kwa Caetano Lobo, karani wa forodha,
naye Lobo kwa mabaharia
waliovianza baharini wakavichokea Dar.
Vidogo, vya kuingia mfuko wa nyuma wa suruali,
gundi imekauka, kurasa zimeiva kama chai ya rangi,
kingo zimepakwa wekundu
unaobaki vidoleni kama hina ya juzi.
Bei imechapwa pembeni: senti ishirini na tano.
Huko kwao, alisema Lobo, viliuzwa stendi za mabasi,
kando ya sigara na vidonge vya kichwa,
na askari walivibeba vitani
wakavichana katikati ili wawili wasome kimoja.

Baba alisoma majalada.
Huyu, alituambia usiku, koroboi katikati yetu,
huyu mwenye gauni jekundu mlangoni, bega moja wazi,
hakuja kuua. Amekuja kudai.
Tazameni mkono: ameshika bastola
kama mtu aliyeshika risiti.
Na huyu wa kofia, kivuli kimemla nusu uso,
ana kodi ya miezi mitatu.
Tulilala tukijua mwisho wa hadithi.
Kesho yake mwisho ulikuwa mwingine.

Alimsaka mchoraji.
Kwa lenzi ya kuazima kwa fundi saa
alipekua jalada kwa jalada.
Jina la mtunzi kubwa kama kibao cha baa;
la aliyechora, hakuna.
Mara moja tu, herufi mbili, chini ya kiatu.
"Ona," akasema, "wamemkanyaga."

Mwaka wa foleni za sukari
akaja mchapaji mmoja kutoka Lumumba
na hadithi ya upelelezi, ya Kiswahili, kurasa themanini,
karatasi kaipata kwa kujuana.
Alitaka jalada kufikia Ijumaa.
Mama akasimamishwa mlango wa jikoni
na gauni la harusi ya shangazi, bega moja wazi,
mkononi mwiko.
"Mwantumu, usicheke."
Bastola ilikuja baadaye, kwa brashi.
Mtunzi akalalamika: kitabuni mwangu hamna mwanamke.
Mchapaji akamjibu: sasa yumo.
Nakala elfu mbili, zikaisha.
Baba alilipwa nusu fedha, nusu sukari.
Herufi zake mbili alizificha chini ya kandambili ya Mama;
mashine ya kukatia ikazila.

Mimi nilisoma. Nilipokiweza Kiingereza
nilirudi kwenye boksi, nikaanza na gauni jekundu.
Kurasa mia moja tisini na mbili.
Ni habari za mkulima wa ngano, mvua imegoma,
ndugu wawili wamenuniana kwa ajili ya kisima.
Mlango ule haumo. Gauni halimo.
Bastola imo, ya kumpumzisha farasi mgonjwa.
Nikamfuata Baba nimwambie.
Alikuwa juu ya ngazi, anaimalizia P ya SUPU.
"Enhe," akauliza bila kugeuka, "alilipwa lile deni?"
Nikasema: alilipwa.

Jana, pale Posta, kwenye turubai la vitabu vya mtumba,
kati ya kemia ya kidato cha pili
na Biblia iliyopoteza Mwanzo,
nilimkuta Mama.
Wekundu umepauka, mchwa wamelila bega,
bastola bado ina umbo la mwiko.
Kijana muuzaji akasema elfu tano, mama,
hiki cha zamani hiki, picha ya Kimarekani.
Sikumsahihisha.
Nikamwambia elfu tatu.