Slaidi ya Pongwe

Akili mnemba imetuchorea vimelea mia nne
kabla chai haijapoa.
Pete nzuri, zambarau safi,
kila chembe ya damu duara
kama sahani mpya ya arusi.
Wanafunzi wangu pale Bombo wakafurahi.
Mwanamkasi alipata tisini na nane.

Nikamwekea slaidi ya jana, ya Pongwe:
rangi imeganda pembeni,
vumbi, na alama ya kidole changu mwenyewe.
Akaizungusha darubini. Akanyamaza.
"Mwalimu, hii imechafuka."

Haijachafuka. Hii ni damu.
Ile ya kwenye kompyuta haikuwahi kuchomwa sindano,
haikulia, haikubebwa mgongoni
na mama aliyeacha mihogo juani
huku mawingu yakijikusanya.

Siikashifu mashine. Usiku mimi huiuliza,
nayo hunijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.
Mara moja ilinitajia utafiti wa Amani:
mwaka, ukurasa, hata jina la mtafiti.
Nilipekua makabati siku mbili,
nikakuta mende.

Basi tumepatana hivi:
yenyewe ichore, sisi tuhesabu.

Mwanamkasi amerudi kwenye kiti.
Saa nane, umeme umekatika, umerudi,
anahesabu kwa midomo kama anayevuta uradi,
sitini na moja, sitini na mbili,
hapo anasita,
anaipindua slaidi, anaona namba tu,
anainua kichwa
na kuniuliza mtoto anaitwa nani.