Kiganja Changu

Jumanne saa nne naegemeza kishikwambi
kwenye mtungi wa matango ya siki,
naye Maarika anatokea, nusu uso, nusu dari,
kutoka Haapsalu, ng'ambo ya barafu.
"Kaljo, inua mkono wa kushoto.
Polepole. Kama unafuta vumbi hewani."

Mkono huo uliwahi kufungua injini za matrekta
ya Vormsi nzima, gizani, kwa kunusa mafuta tu.
Tangu kiharusi kimpige Oktoba
umelala mapajani kwake kama paka wa jirani
asiyeitika jina.

Januari feri haikuja. Barafu nene kwa meli,
nyembamba kwa gari.
Tukashukuru hicho kioo, basi.
Tena kiliona ambayo hospitali haikuyaona:
ngazi tatu zisizo na pa kushika,
zulia la marehemu mama mkwe, limekunjamana mlangoni.
"Hilo zulia, Helju, liondoe leo."
Nikaliondoa. Miaka arobaini nalifagia, sikuwahi kuliona.

Jumanne ya sita akapiga makofi:
"Umefika usawa wa sikio!"
Kaljo akatabasamu kwa upande wake mmoja.
Mimi kimya,
maana picha ilikomea juu ya kiwiko,
na chini ya kiwiko palikuwa na kiganja changu.

Machi barafu ikapasuka. Maarika akaja mwenyewe,
mfupi kuliko nilivyodhani, buti zikichuruzika,
vidole baridi hata Kaljo akatukana:
tusi zima, bila kumeza herufi,
la kwanza tangu Oktoba.
Akalishika bega. Akaliuliza kwa vidole, si kwa mdomo.
"Inua."
Mkono haukuinuka.
Nikageukia viazi jikoni, ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

Hakunigombeza. Alinivuta kiganja,
akakirudisha palepale, kwenye kosa lake.
"Leo beba nusu. Wiki ijayo robo.
Uzito uliobaki ni wake, usimwibie.
Na kishikwambi kisogeze nyuma,
niwaone wote wawili."
Akanywa chai, akawahi feri ya saa tisa.

Sasa mtungi uko juu ya kabati, mbali.
Maarika ni mdogo kama stempu, sisi tumeenea.
Chini ya kiwiko nimebakiza kidole kimoja.
Sijui kama Kaljo anakihisi.
Mimi nauhisi mkono wake ukinitoka kidoleni,
ukirudi,
ukitoka.