Kipepeo wa Katubuka

Bukuru alimleta kwa treni, ndani ya ndoo ya rangi
yenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari,
akimpulizia hewa kwa pampu ya baiskeli
kila stesheni: Morogoro, Saranda, Tabora, Kaliua.
Aliposhuka Kigoma macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi.
"Mama, huyu ni kipepeo wa bahari. Anakula matumbawe."
Nikamwuliza: "Na hapa Katubuka matumbawe yanauzwa duka gani?"

Wiki ya tatu akaitwa kazini Mtwara.
Akaniachia tangi la kioo, mfuko wa chumvi ya bahari,
maelekezo kwa kalamu nyekundu,
na samaki wa manjano mwenye mstari mweusi machoni
kama mtu aliyejifunga kitambaa ili asinione.

Tuna ziwa. Ziwa lote lile,
ambalo kamba ya baba haikuwahi kugusa chini yake,
na hata kopo moja halimfai.
Chumvi ilipokaribia kwisha nikaikumbuka ya Uvinza
iliyokolea mboga zetu tangu enzi za bibi.
Nikaionja, kisha nikaonja maji ya tangi.
Chumvi ni chumvi, nilidhani.
Ulimi ukakataa.
Nikampigia: tuma. Ikaja kilo kumi,
imefungwa kwa kamba nne kama mahari.

Nilimpa dagaa wa kusaga. Akageuka.
Kiini cha yai. Akageuka.
Dagaa wabichi wa Kibirizi, wa usiku uleule,
bado wana mwanga wa karabai mgongoni:
akawatazama, akageuka polepole, kwa adabu,
kama mkwe aliyekaribishwa ugali.
Ahsante, nimeshiba.
Na mbavu zilikuwa zimeanza kuonekana.

Nimewahi kulisha kiumbe mgumu.
Bukuru huyuhuyu, miezi kumi na minne, katoka kuugua surua,
alifunga meno siku tano.
Dada zangu walisema mbane pua, mmiminie.
Sikumbana. Nilipaka uji kwenye kidole gumba,
nikajifanya nashona.
Alinyonya kidole, asijue anakula.

Basi nikachukua jiwe la tumbawe lililokufa, alilokuja nalo,
nikalianika juani siku mbili.
Nikatwanga kome wa ziwani na chembe ya kitunguu saumu,
nikakandika kila kitundu, kwa ncha ya sindano,
vitundu vidogo kuliko vifungo vya shati la mtoto mchanga.
Nikaligandisha kwenye jokofu la Mama Ntibona
katikati ya barafu zake za ukwaju
(mtoto mmoja aliuliza hiyo ya mawe bei gani).
Nikalitumbukiza. Nikakaa kwenye cherehani, nimelipa tangi kisogo,
nikakanyaga pedali bila uzi.

Kwenye kioo cha wateja nilimwona akija.
Akalizunguka jiwe. Akalizunguka tena.
Akadonoa.
Akatema.
Mimi nakanyaga tu, nashona hewa.
Akadonoa.

Tangu hapo ni mara nne kwa siku, vijipande vijipande,
maana tumbo lake halijui shibe ya mara moja.
Kilichobaki nakiondoa kabla maji hayajachacha.
Umeme ukikatika usiku, naamka na pampu ya baiskeli
na Yoramu wa jirani anahesabu: mia, mia mbili,
analala kwenye mia tatu na arobaini.

Jana Bukuru alipiga.
"Anakula?"
"Kidogo kidogo."
"Usimlazimishe, mama."
"Na wewe? Sauti imekuwa nyembamba. Umekula nini leo?"
Kimya. Gari likapita upande wake.
"Nimeshiba, mama."

Jibu hilo nalijua, hata mgongo wake naujua.
Sikusema kitu. Nilimwambia bei ya kome imepanda.

Leo asubuhi nimeosha ndoo ile ya rangi,
nikajaza dagaa wa kukaanga kwa mawese, wakavu, wa kufika mbali,
nikashindilia mfuniko wenye matundu ya msumari.
Karani wa vifurushi akauliza niandike nini.
Sikutaja chakula.
Nikamwambia aandike: vifaa vya samaki.