Maktaba Ndani ya Maktaba

Dilijan, Februari. Theluji imeketi kizingitini
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bibi Shoghakat, mtunza vitabu,
amenivika koti la marehemu mumewe
kabla sijagusa kibodi.

"Mashine yangu imesahau kusoma," asema.
Nachungulia. Kweli: Mkhitar mfuga nyuki,
aliyeazima kitabu cha magonjwa ya mizinga tangu Oktoba,
amegeuka alama sita za kuuliza, zimejipanga
kama ndoano zisizo na chambo.

Ugonjwa naujua. Maktaba inayochora skrini,
ile ya msimbo, isiyo na rafu wala vumbi,
ilijengwa na mtu aliyeamini
kwamba herufi yoyote duniani
huenea ndani ya baiti moja.
Zetu zina kulabu na matumbo. Hazienei.

Chanzo chake nimekibeba mfukoni.
Nalifungua furushi, faili zinamwagika,
kisha naanza kusanidi.

Hati yauliza, yajijibu:
Kompaila ipo? Ndiyo.
Inafanya kazi? Ndiyo.
Tunaijengea mashine nyingine? Hapana.
Maswali mia mbili na zaidi, wala hainitazami,
kama karani wa jeshi anayepima vifua.

Kwenye amri nimeongeza neno moja: pana.
Herufi pana.
Asubuhi nililisahau. Nilijenga dakika arobaini
mashine hii kongwe ikihema,
nikafungua, nikamkuta Mkhitar bado ni ndoano sita.
Shoghakat hakusema kitu. Aliongeza kuni.

Na njia nimeielekeza kando, folda ya pembeni,
nisiiguse ile ya mfumo.
Hata dirisha ninamoandikia amri
limeiegemea maktaba ya zamani;
ukiing'oa, huna tena pa kuandika samahani.
Najua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Vanadzor,
seva ya kiwanda cha soksi,
siku tatu bila mshahara wa mtu yeyote kuhesabika.
Tawi nililokalia silikati mara ya pili.

Jenga.
Mistari yapanda, yapanda, mvuke wa chai nao.
Onyo moja. Onyo jingine. Kosa hakuna.

Mwishoni inashuka orodha ya vituo:
skrini kwa mamia, nyingi zimekwisha kufa,
za viwanda vilivyofungwa kabla sijazaliwa,
na chini ya kila jina imeandikwa kwa uaminifu
jinsi ya kuifuta uso,
kukirudisha kishale nyumbani,
kuiliza kengele.
Nani ataziliza? Hakuna.
Lakini zimo.

"Kama kadi zangu," asema Shoghakat,
akivuta droo inayokwama:
wasomaji waliokufa, waliohamia Marseille,
mmoja aliyerudisha kitabu kikiwa na alama ya meno ya mbwa.
Hajatupa hata kadi moja.
Nimemweleza nusu tu, naye
kaelewa yote.

Nywila ya mkuu iko kwenye karatasi
chini ya chungu cha maua, nayo imelowa kona.
Tarakimu ya mwisho ni moja au saba?
Saba.
Nasakinisha. Nauambia mfumo mahali papya pa kutafutia.
Nafungua katalogi.

Skrini yafumba, yafumbua.
Kisanduku: kona nne zimekutana sawasawa,
mistari imenyooka, si zile q na x za jana.
Na ndani yake, herufi kwa herufi,
kwa mkono wa lugha yetu: Mkhitar.
Amechelewa siku mia moja na kumi na nane.

Shoghakat alisoma kwa sauti, kidole kikigusa kioo,
akaacha alama ya unga hapo.
Kisha akainua simu.

"Mkhitar," akasema, "nimekupata."