Saa Mbili na Saa Mbili

Bi Khaltuma wa nyumba ya chini huniuliza kila Ijumaa:
"Mwanangu, kazi wapata lini?"
Namwambia ninayo. Atazama miguu yangu,
kandambili zile zile, soli haijaliwa na lami,
aguna, arudi kwenye sinia lake la mchele.

Kazi yangu iko Abidjan.
Mimi niko Kibokoni, ghorofa ya pili,
juu ya meza ya cherehani ya marehemu nyanya;
kanyagio lake bado lacheza nikikosa subira.
Jina langu Mwanatumu. Kwenye simu ni Nadine.
Mji ule sijaukanyaga, naujua kwa malalamiko yake:
bampa iliyobonyea darajani,
mvua iliyoingia ghalani ikalowesha magunia ya kakao,
"Alo, madamu, nangoja tangu jana."
Nami nawatuliza kwa Kifaransa nilichokisomea
chuo cha jioni, Ganjoni, feni ikigonga dari.

Wao wakianza siku, hapa jua liko utosini.
Mwadhini akohoa kidogo kwenye kipaza sauti,
nafunga maiki upesi,
namwachia mteja ukimya, adhani namtafutia faili.
Muuza maji ndiye simwezi. Yeye hodari kuliko kitufe:
"Majiii!" na mkokoteni wagonga mawe ya kichochoro,
madumu yanagongana,
na huko aliko mwenye bampa
aniuliza kama nimo sokoni.

Wiki ya kwanza Adjoua, msimamizi wangu, aliniuliza saa.
Nikatazama ukutani, nikafasiri kama ninavyofikiri:
"Sita."
Akanyamaza. "Sita? Na jua lote hilo dirishani mwako?"
Nikataka kumweleza kwamba kwetu saa huhesabiwa
tangu jua litoke, si tangu watu wamelala,
kwamba saa moja ni moja kwa kuwa siku bado changa.
Kifaransa changu kikakatika katikati ya sentensi
kama stima ya Kibokoni.
Tangu hapo hunitumia picha ya saa yake ya mkononi
na neno moja: "Kweli?"
Nami humtumia kivuli cha antena ukutani.

Saa tatu usiku Abidjan wafunga ofisi.
Nashuka kununua viazi vya karai,
miguu ikishangaa kwamba ni nchi hii.
Barazani wazungumza mpira, bei ya unga, harusi ya nani.
Nina habari tele, zote za mji mwingine.
Natia ndimu na pilipili, nala kimya.

Alhamisi iliyopita stima ilipotea kutwa,
wateja wakabaki na ajali zao.
Magharibi ikapita. Bi Khaltuma akapanda,
ngazi moja, pumzi moja,
mkononi boksi la dawa ya presha
alilotumiwa na mwanawe aliye Moroni.
"Maandishi gani haya? Nimeyageuza kote."
Kifaransa, nikamwambia. Lete.
Nikawasha tochi ya simu.
Kidonge kimoja. Baada ya kula. Maji mengi.
Saa nane, na saa ishirini.

"Saa ishirini?" Akacheka hata akashika ukuta.
"Iko wapi hiyo? Hao saa wazinunua kwa jumla?"
Ile nane alikwisha kuikubali, nane ya mchana,
ndipo nikashtuka.

Nikatoa kalamu, nikaandika juu ya boksi
kwa herufi kubwa:
SAA MBILI ASUBUHI. SAA MBILI USIKU.
Akazifuata kwa kidole. Mbili, na mbili.
"Hapo sawa. Hapo ni saa za watu."

Akasimama mlangoni, giza nyuma yake,
akaitazama mashine iliyozimika, cherehani, kandambili.
"Na kwa haya wakulipa?"
Kwa mfano wa haya haya, Bi Khaltuma.
"Basi kesho nakuletea mahamri. Mfanyakazi hula."

Nikamsikia akishuka,
na huko chini, gizani, akimwambia mtu:
"Yuko kazini, msimpigie kelele."